Kabla useme "vernacular", jua ilitoka wapi

Wasee, hili neno tumelisikia tangu darasa la kwanza. Ukiongea Kikamba, Kijaluo ama Kikalenjin shuleni, unaambiwa umeongea vernacular, na shule zingine unavishwa disk shingoni mpaka umpate mwingine wa kumpitishia. Lakini Kiingereza hakuna mtu hukiita vernacular. Mbona?

Twende Roma ya zamani. Kwa Kilatini, verna alikuwa mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, si yule wa kununuliwa sokoni. Hapo ndipo likatoka vernaculus, yaani kitu cha nyumbani, cha hapa hapa. Waingereza walilichukua miaka ya 1600, likawa na maana ya lugha ya kawaida ya watu wa mahali fulani.

Sasa sikiza hii. Wakati huo Kiingereza chenyewe kilikuwa vernacular! Wasomi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini. Isaac Newton alitoa Principia mwaka wa 1687 kwa Kilatini. Opticks, kitabu chake kuhusu mwanga, kilitoka 1704 kwa Kiingereza. Lugha ya nyumbani ilikuwa imeanza kuingia sebuleni.

Halafu Kiingereza kikapata dola, na neno likageuziwa wengine. Mwaka wa 1878 wakoloni kule India walipitisha Vernacular Press Act ili kuyabana magazeti ya lugha za wenyeji. Ya Kiingereza hayakuguswa. Gazeti la Amrita Bazar Patrika, lililokuwa likitoka kwa Kibengali, likajigeuza la Kiingereza na kuponyoka.

Huku kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind (1986) vile watoto wa enzi yake walichapwa kwa kuongea Gĩkũyũ shuleni. Mkoloni alienda, disk ikabaki.

Kwa hivyo vernacular si aina ya lugha. Haisemi chochote kuhusu sarufi wala utajiri wa maneno. Inasema tu nani ndiye mwenye nyumba.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili na matumizi yake. Sasa mtoto atakuzaje kitu anachovishwa disk kwa sababu yake?

Mimi naona tuanze na kitu rahisi: kila lugha ina jina lake. Sema Kitaita. Sema Kiturkana. Sema Kimeru. Na kama uko na mdogo wako shule, muulize leo: disk bado iko?