Namungo, Simba na Yanga: wadogo wanaweza kweli kufika?

Najua nimeadimika, testi mbili mfululizo si mchezo, na ile ya Falsafa ya Elimu tusiiongelee kabisa. Leo nimepata nafasi ya kukaa na jambo ambalo limeng'ang'ania kichwani tangu juzi usiku.

Kuna mshikaji hapa hosteli, mtu wa Kahama, anafuatilia tenisi. Ndiyo, tenisi, msiniulize kaipatia wapi. Alikuwa anatamba kwamba vijana wake wawili, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner, waligawana mataji yote 8 makubwa ya mwaka 2024 na 2025, manne kwa manne, na mkongwe Novak Djokovic mwenye mataji yake 24 akabaki kuwapigia makofi. Halafu akanigeukia: "Na nyie Ruangwa na Namungo yenu, lini mtawafanyia hivyo Simba na Yanga?" Chumba kizima kikacheka. Nilimjibu jibu la hovyo tu pale pale, lakini swali lenyewe ni zuri, na mimi nasoma Historia, kwa hiyo ngoja nilijibu kwa kalenda.

Kwanza tuanze na tofauti ambayo jamaa yangu hakuiona. Mchezaji wa tenisi anazeeka. Djokovic amezaliwa 1987, magoti yake yanajua hivyo hata kama yeye mwenyewe anabisha. Kijana mwenye kipaji akivumilia tu, siku moja bingwa atachoka. Klabu haizeeki. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na kila baada ya miaka mitatu minne zinavua wachezaji waliochoka na kuvaa wapya kama mtu anavyobadilisha shati. Kwa hiyo kijana wa mpira wa Bongo hawezi kukaa pembeni asubiri mkubwa azeeke. Atasubiri mpaka na yeye awe mzee.

Haya, namba. Ligi ya taifa ilianza 1965. Hadi msimu wa 2024/25 ubingwa umetolewa mara 61. Yanga wamechukua 31, Simba 22 (ukihesabu na ile ya enzi wanaitwa Sunderland, kabla ya kubadili jina 1971). Zinabaki 8. Nane tu, jamani, kwa miaka sitini! Cosmopolitan 1967, Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, kisha Azam 2013/14. Basi, orodha imekwisha.

Ukiiangalia haraka utasema wadogo hawawezi. Mimi naiona kinyume. Inasema wanaweza, na wameshaweza. Tukuyu Stars walikuwa wametoka kupanda daraja, watu wa Rungwe huko kwenye baridi na migomba, wakachukua ubingwa msimu huo huo! Azam walichukua wa kwao bila kufungwa mechi hata moja. Hao si watu wa kubahatisha. Tatizo linaanza mwaka unaofuata. Katika timu zote hizo, ni Mtibwa peke yake iliyoweza kurudia. Na Pan African kidogo nimuweke pembeni, maana naye alizaliwa na mgogoro wa Yanga wenyewe mwaka 1976, wanachama waligombana wakagawana. Yaani hata huyo mdogo aliyemshinda mkubwa alikuwa mtoto wa mkubwa.

Sasa twende nyumbani.

Kwa wasiojua, mimi natokea Narung'ombe, kata ya Ruangwa, korosho na ufuta na vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya sanduku. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Kabla ya hapo mtu wa kwetu ukimwambia Ligi Kuu itachezwa Ruangwa angekuuliza umekunywa nini. Kusini ilikuwa Ndanda ya Mtwara, na hata hao walikuwa wanahesabika kama wa mbali. Msimu wa kwanza kabisa, 2019/20, Namungo wakamaliza nafasi ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Watu wakaanza kuwaita Wauaji wa Kusini, jina ambalo bibi yangu hakulipenda hata siku moja.

Tarehe ambayo naikumbuka ni 8 Julai 2020. Simba walikuwa wameshatangazwa mabingwa tayari, na kombe lao wakaja kukabidhiwa Ruangwa, uwanja wa Majaliwa, baada ya mechi na sisi. Nilikuwa kidato cha tatu. Kijijini bodaboda zilikwisha asubuhi, watu walipanda mpaka malori ya mizigo. Mechi iliisha 0-0. Sisi mabingwa hawakutufunga, lakini kombe lilinyanyuliwa pale pale kwenye nyasi zetu na sisi tunaangalia.

Kilichonishangaza siku ile hakikuwa mpira. Ilikuwa rangi. Nusu ya watu tuliotoka nao kijijini walivaa nyekundu. Watu wa Ruangwa, wazaliwa, wanashangilia Simba ndani ya Ruangwa! Na ile nusu nyingine? Babu yangu mdogo alishangilia Namungo mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia babu, kumbe nawe ni Namungo damu. Akanijibu, "Mjukuu wangu, mimi ni Yanga, leo nimeazima tu." Yaani Namungo kwake ilikuwa fimbo ya kumchapia mtani. Tukicheza na Yanga, wale wa nyekundu ndio wanaoazima. Timu ya nyumbani inashangiliwa kila wiki, lakini na watu wa kuazima.

Hapo ndipo nilipo mimi kwenye hoja hii. Wachambuzi wa redioni wanasema ni pesa. Pesa ipo, sikatai. Lakini Azam wana pesa, wana uwanja wao Chamazi, wana kila kitu, na tangu 2014 hawajarudia. Angalia kilichowapata. Mwaka 2017 John Bocco, Aishi Manula, Erasto Nyoni na Shomari Kapombe waliondoka Azam wote kwenda Simba. Bocco huyo huyo aliyekuwa nahodha, aliyekuwa na Azam tangu inapanda daraja 2008! Na Simba wakachukua ubingwa mara 4 mfululizo kuanzia 2017/18. Pesa peke yake haikutosha kuwazuia. Mchezaji wa Kitanzania anataka kuimbwa na uwanja uliojaa, na uwanja uliojaa upo sehemu mbili tu.

Na sisi tulionja dawa hiyo hiyo. Tarehe 2 Agosti 2020, fainali ya Kombe la FA pale Sumbawanga, Namungo na Simba. Simba 2, Namungo 1. Edward Manyama alifunga letu. Ya Simba waliyafunga Luis Miquissone na, nani tena, John Bocco. Mwezi huo huo tarehe 30 tukakutana tena Arusha kwenye Ngao ya Jamii, 2-0.

Lakini kufungwa kule Sumbawanga kulitupeleka Afrika, na hii ndiyo sehemu ambayo inanichekesha. Simba walikuwa na ubingwa wa ligi tayari, wanakwenda Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaangukia kwa aliyefungwa fainali. Tulisafiria tiketi ya bingwa. Namungo wakawatoa Al Rabita wa Sudan Kusini, wakawatoa Al Hilal Obeid wa Sudan, kisha Februari 2021 wakaenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto. Kule wakawekwa karantini kwa ajili ya korona, mechi haikuchezwa, CAF wakaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza tukashinda 6-2, ya pili tukafungwa 3-1, jumla 7-5. Tumeingia makundi! Timu ya wilaya ambayo nusu ya Tanzania walikuwa hawajui iko mkoa gani.

Kwenye makundi ikawa kilio. Raja Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Mechi 6, zote tumefungwa, na bao la kufunga hakuna. Mechi za nyumbani zilichezwa Dar, kwa hiyo Raja hawakukanyaga Ruangwa. Sisi tuliwaona kwenye luninga ya kibanda, shilingi mia tano mtu mmoja, jenereta likizimika mnasubiriana.

Basi kuna watu wanataja hizo mechi 6 kama ushahidi kwamba wadogo wabaki wadogo. Nawaomba waangalie kitu kingine ambacho hakisemwi kabisa. Nenda kwenye fainali za Kombe la FA, chukua walioshindwa. Mwaka 2017 Mbao ya Mwanza walifungwa na Simba. 2018 Singida United walifungwa na Mtibwa. 2019 Lipuli ya Iringa walifungwa na Azam, tena palepale Ilulu, Lindi. 2020 ni Namungo. Sasa sikiliza: Mbao, Singida United na Lipuli wote watatu walishuka daraja msimu wa 2019/20. Wote, kwa mkupuo! Na Ndanda wa jirani wakaenda nao. Mbeya City nao, waliomaliza wa 3 msimu wao wa kwanza 2013/14 na kila mtu akasema hawa ndio watakaovunja ufalme, walishuka 2023 na kurudi 2025. Hata Mtibwa, bingwa mara mbili, alishuka 2024 akarudi mwaka uliofuata.

Namungo haikushuka. Tangu 2019 hadi msimu wa 2025/26 bado ipo Ligi Kuu. Haijachukua kitu, mara nyingi ipo katikati ya msimamo, haiandikwi kurasa za mbele. Lakini ipo. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko lile la Tukuyu, nisameheni watu wa Rungwe. Maana cha kwanza wanachokosa wadogo ni muda. Simba na Yanga zilikuwa na miaka thelathini ya kukusanya watu kabla hata ligi haijaanza. Mtoto wa Narung'ombe anarithi Yanga kutoka kwa babake kama anavyorithi shamba. Namungo haina cha kurithisha bado, ina miaka michache tu ya juu. Ikishuka leo, kile kidogo kilichoanza kuota kinang'oka.

Na hapo ndipo ninapoogopa, tuseme ukweli. Uwanja wetu una jina la Kassim Majaliwa, na kila mtu anajua kwamba miaka yote Namungo ikiwa juu, mbunge wetu ndiye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Mwalimu kama tutakavyokuwa sisi, na mpenda mpira. Mwaka 2025 hakugombea tena, na Novemba mwaka huo akaja Waziri Mkuu mwingine. Simsemi mtu vibaya. Nasema tu kwamba timu za mikoani karibu zote zimesimama kwa mguu mmoja, ama kiwanda, ama kampuni, ama mkubwa fulani, na mguu ukiyumba timu inalala. Sasa tutaona kama Namungo imeota mguu wa pili. Mimi nataka kuamini imeota, lakini nikihesabu watu wanaolipa kiingilio siku ambayo mgeni si Simba wala Yanga... tuache.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa kumuuliza haya yote uso kwa uso: Juma Mgunda. Alikuwa mchezaji wa Coastal Union waliochukua ubingwa 1988, kwa hiyo anajua inavyokuwa. Akawa kocha wa Coastal hiyo hiyo, 2022 akaifikisha fainali ya FA, sare ya 3-3 na Yanga wakapoteza kwa penalti. Miezi michache baadaye Simba wakamchukua. (Hata makocha wanachukuliwa, mmeona?) Na mwaka 2024 akaja kukabidhiwa Namungo. Ningemuuliza 1989 ilikuwaje, ile asubuhi baada ya ubingwa, nani aliondoka wa kwanza na kwa nini hawakumzuia.

Mshikaji wa tenisi nimemwambia jibu langu: kumfunga bingwa siku moja tunaweza kesho. Kuwa bingwa msimu mmoja, watu wa Tukuyu na Tanga wameshaonyesha. Kukaa pale miaka mitano, hapana, bado, mpaka babu zetu waache kuazima. Akasema hilo si jibu, ni hotuba. Haya.

Maji yamerudi bombani ghorofa ya chini, naenda kufua kabla hayajakatika. Wa Ruangwa na Nachingwea mliopo chuoni mnipe maoni, na wa Simba na Yanga pia, matusi hapana.