Kitufe Kilichofutwa: Historia ya Kujibizana kwa Video

Septemba 12, 2013, mtandao wa YouTube uliondoa kitufe ambacho watumiaji wengi wa leo hawajui kama kiliwahi kuwepo. Kitufe hicho kilimwezesha mtu aliyetazama video ya mwenzake kumjibu kwa video yake mwenyewe, na jibu likabandikwa chini ya video ya kwanza, mahali ambapo kila anayepita angeliona. Kilikuwa kimedumu tangu Mei 2006. Sababu waliyoitoa wenye mtandao ilikuwa ya hesabu tupu: katika kila watumiaji milioni moja, wanne tu ndio waliobofya majibu hayo. Kwa kipimo hicho uamuzi ulikuwa sawa. Ninachokikataa ni kipimo chenyewe. Idadi ya watazamaji haikuwa na uwezo wa kueleza desturi ile ilifanya kazi gani. Ingawa hakuna aliyeipanga hivyo, iliwalazimisha wabishanaji kutoa jasho kwanza kabla ya kumrushia mwenzao neno. Naamini staha iliyokuwepo katika malumbano ya YouTube ya mwanzo ilitokana zaidi na jasho hilo kuliko wema wa watu wa wakati ule, na jasho lilipoondolewa, staha nayo ikapungua.

YouTube ilianzishwa Februari 2005 na vijana watatu waliowahi kufanya kazi pamoja katika kampuni ya PayPal: Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim. Video ya kwanza, ya Aprili 23 mwaka huo, ina sekunde 19 tu. Karim amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego na kuzungumzia mikonga yao. Oktoba 2006 Google ikatangaza kuununua mtandao huo kwa dola bilioni 1.65. Ni katika kipindi hicho kifupi ndipo ilipokomaa tabia ya mtu kuketi chumbani mwake, kuwasha kamera ya kompyuta na kuwazungumzia watu asiowajua. Agosti 2006 mzee Mwingereza, Peter Oakley, aliyezaliwa 1927 na ambaye mtandaoni alijiita geriatric1927, alijitokeza kwa mara ya kwanza, akajitambulisha kwa upole na kuanza kusimulia maisha yake. Haukupita muda akawa na wafuasi wengi kuliko mtu mwingine yeyote YouTube. Vijana wenye umri wa wajukuu zake walimjibu kwa video, wakamuuliza maswali na kumtania, naye akaendelea kuzungumza nao hadi alipokaribia kufariki mwaka 2014. Mzee na vijana wa nchi tofauti kutaniana hadharani bila kuvunjiana heshima ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo hayo yamo katika namna kitufe kile kilivyofanya kazi.

Aliyetaka kumjibu mwenzake ilimbidi kwanza aitazame video yake kiasi cha kuielewa. Kisha afikirie la kusema, ajirekodi, mara nyingi uso wake ukionekana na sauti yake ikisikika, apakie video kwa intaneti ya siku zile, halafu aiunganishe na ile anayoijibu. Mwenye video ya kwanza naye alikuwa na haki yake: angeweza kuyapokea majibu yote, kukagua kila moja kabla halijaonekana, au kuyakataa kabisa. Kwa hiyo palikuwa na jasho la anayejibu na ridhaa ya anayejibiwa. Mtu aliyetumia jioni nzima kuandaa jibu hakuwa tayari kulipoteza kwa tusi, maana alijua kwamba likikataliwa kazi yake imekwenda bure. Isitoshe, aliyejirekodi alikuwa amejiweka wazi mwenyewe. Dharau aliyoitoa ingeweza kurudi kwake kwa njia ileile, uso kwa uso.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni kwamba aina mbili za majibu ziliishi katika ukurasa mmoja. Chini ya video ileile yalikuwepo maoni ya maandishi, na maoni ya YouTube yalisifika kwa matusi tangu mapema kabisa. Mwaka 2007 mwanaanthropolojia Patricia Lange alikuwa tayari anachunguza jinsi watengeneza video walivyokabiliana na uhasama huo. Mwenzake Michael Wesch wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, katika mhadhara alioutoa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani Juni 2008, alieleza hali ya ajabu ya mtu anayezungumza na kamera bila kujua ni nani atakayemtazama, lini na wapi, na jinsi hali hiyo ilivyowafanya baadhi ya watu kufunguka kwa unyofu usio wa kawaida. Maandishi na video vilikuwa chini ya kanuni moja, katika kampuni moja, mbele ya hadhira moja. Kilichotofautiana ni kazi iliyohitajika ili mtu aseme. Tusi la maandishi lilihitaji sekunde tano na jina la kubuni.

Mwaka 2007 desturi hiyo ilifika hadi kwenye siasa za juu. Julai 23, huko Charleston katika jimbo la South Carolina, wagombea urais wa chama cha Democratic waliulizwa maswali yaliyotumwa na wananchi kwa njia ya video, katika mdahalo ulioandaliwa na CNN pamoja na YouTube. Video karibu 3,000 zilipokelewa na wahariri wakachagua chache. Mojawapo ilikuwa ya sanamu ya theluji iliyouliza kuhusu ongezeko la joto duniani. Wapo waliokasirika kwamba urais umefanyiwa mzaha. Hata hivyo swali lilikuwa halali, mzaha wake ulikuwa umefanyiwa kazi, na mgombea alilijibu. Utani uliotengenezwa kwa uangalifu ulipita pale ambapo kejeli ya harakaharaka isingepita.

Msomaji wa Kiswahili ana historia yake ya kulipimia jambo hili. Katika majibizano ya ushairi, anayejibu aghalabu hutarajiwa kufuata bahari ya aliyemwanza, na ikiwezekana mizani na vina vyake pia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu katika zama ambazo miji hiyo miwili ilipigana vita vya kweli. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa wa kuulizana na kujibizana, mhariri akiwa mlangoni. Katikati ya miaka ya 1970, mashairi ya kampeni za uchaguzi huko Lamu yalisambaa kwa kanda za kaseti, upande mmoja ukitoa lake na mwingine ukilijibu. Mashairi hayo hayakuwa ya kubembelezana. Yamo ndani yake maneno makali ya kumkata mtu maini. Lakini aliyetaka kutukana ilimpasa kwanza alijue shairi la mpinzani wake neno kwa neno, kisha aketi na kutunga, na ukali wake ukahukumiwa na wasikilizaji waliojua sanaa hiyo. Kutunga beti na kurekodi video ni kazi mbili tofauti, ila zote mbili huweka muda kati ya hasira na jibu.

Desturi ya YouTube iliharibika kwa hatua, na pesa zilihusika. Mei 2007 kampuni ilianza kugawana mapato ya matangazo na watengeneza video iliowachagua, na polepole kuonekana kukawa ni kulipwa. Machi 2010 nyota tano za kuipima video zikaondolewa, yakabaki madole gumba mawili, la juu na la chini. Kufikia mwanzoni mwa 2012 lilizuka kundi lililopewa jina la Reply Girls, wanawake waliobandika majibu ya video kwenye video maarufu huku picha za utangulizi zikionyesha vifua vyao, na ndani yake pakiwa na maneno machache yasiyo na uhusiano mkubwa na mada. Mfumo wa kupendekeza video uliothamini mibofyo uliwazawadia. Watazamaji waliochukizwa waliwamiminia matusi kwa maelfu, mengine ya vitisho. Machi mwaka huohuo YouTube ikabadilisha mfumo wake ili uthamini muda wa kutazama kuliko mibofyo, na mwaka uliofuata kitufe chenyewe kikaondolewa. Tukio hili linapunguza nguvu ya hoja yangu, na sitaki kulikwepa: nao walirekodi, nao walitoa jasho. Lakini hawakuwa wakimjibu mtu yeyote, walikuwa wakiujibu mfumo. Ridhaa nayo ilikuwa imekwisha kudhoofika, maana mwenye video yenye watazamaji milioni hana namna ya kukagua kila jibu, na akiacha mlango wazi huingia yeyote.

Miezi miwili baada ya kukifuta kitufe, Novemba 2013, Google ilijaribu dawa nyingine. Iliyaunganisha maoni ya YouTube na akaunti za Google+, mtandao uliowataka watu watumie majina wanayojulikana kwayo, kwa matumaini kwamba mwenye kujulikana ataona haya. Mamia ya maelfu ya watumiaji walitia saini kupinga, na Jawed Karim mwenyewe, mwanzilishi aliyekuwa kimya kwa miaka minane, alirudi kwenye chaneli yake kulalamika. Kampuni ilikiri ndani ya mwezi uleule kwamba maoni ya takataka yameongezeka, na Julai 2015 ikatangaza kuuvunja muungano huo. Korea Kusini ilikuwa imekwisha kuipima dawa hiyo kwa sheria. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zilitakiwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayeandika. Aprili 2009 YouTube ikaamua kuzima upakiaji wa video na utoaji wa maoni kwa watumiaji waliochagua Korea kuwa nchi yao, badala ya kuitii sheria hiyo. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka mitandao ya huko. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria kwa kauli moja, ikisema haikuonekana kupunguza machapisho haramu kwa kiasi cha maana. Jina halisi lilimgharimu mtu usalama wake bila kumtaka afikiri zaidi kabla ya kuandika.

Bilibili, mtandao wa Kichina uliozinduliwa 2009, ulikwenda njia nyingine. Maoni yake huelea juu ya video yenyewe inapochezwa, kwa hiyo tusi moja humharibia kila mtazamaji. Mgeni aliyetaka kuandika maoni kama mwanachama kamili alitakiwa afaulu mtihani wa maswali 100, mengi yakihusu katuni, filamu na sayansi, na mengine yakihusu adabu za maoni hayo. Mtihani haukumuuliza aonyeshe kitambulisho. Ulimtaka ajifunze.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba napamba zama ambazo hazikuwa njema. Kwamba wanawake na watu weusi waliojirekodi walitukanwa tangu siku ya kwanza, na kwamba adabu iliyokuwepo ilitokana na uchache wa watu. Matusi yalikuwepo, nimekwisha kuyataja, na yalipita zaidi kwenye maandishi. Uchache wa watu ulisaidia, sikatai, lakini hauelezi kwa nini watu walewale walikuwa na sura mbili katika ukurasa uleule. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kudai jasho ni kuwafungia nje wasio na uwezo. Afrika Mashariki inalijua hilo. Nyaya za chini ya bahari zilianza kufika Mombasa na Dar es Salaam katikati ya 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea sana setilaiti, na kupakia video ya dakika tano ilikuwa mateso. Wengi wetu tulifika YouTube desturi ya kujibizana kwa video ikikaribia kuzikwa, tukakuta maoni ya maandishi na dole gumba. Ndiyo maana nalitenga jasho na ada. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, zilizodai leseni na malipo yaliyozidi shilingi milioni 2 kwa wenye blogu, ziliongeza gharama ya kusema pia, lakini ilikuwa gharama ya mfukoni, inayomzuia maskini mwenye hoja na kumpitisha tajiri mwenye matusi. Ninayoitetea mimi ni gharama ya kumsikiliza mwenzako kabla ya kumjibu, na hiyo hata asiye na kitu anaweza kuilipa.

Leo kamera iko katika simu ya mkononi na kujibizana kwa video kumerudi. TikTok ina Duet, inayoziweka video mbili ubavu kwa ubavu, na tangu Septemba 2020 ina Stitch, inayomruhusu mtu kukata sekunde chache za video ya mwenzake na kuendeleza kwa maneno yake. Stitch ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu inampa anayejibu uhuru wa kuchagua sekunde zinazomfaa na kuacha hoja nzima nyuma. Vijana wa Kiswahili wanazitumia njia hizi kila siku kubishania soka, dini, ndoa na siasa, na wengi wao wana kipaji kikubwa cha utani. Kwao nina ombi. Ukimjibu mtu kwa video, mtaje kwa jina analolitumia, elekeza watazamaji kwenye video yake nzima, eleza hoja yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali, ndipo umtanie na kumpinga upendavyo. Na wewe mwenye chaneli, kama una kitufe cha kukagua majibu kabla hayajaonekana, kitumie, na uyapitishe yanayokupinga kwa hoja.