Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Juma hili tuzungumzie shati. Tazama kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi. Kama kimeandikwa poliesta, basi shati lako na chupa ya plastiki ya maji uliyonunua kituo cha basi ni ndugu. Vyote viwili hutengenezwa kwa parazailini, kitu kinachotokana na mafuta ya petroli.

Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya kemia, lakini hadithi hii naielewa. Parazailini haiji peke yake. Huja imechanganyika na jamaa zake wanaofanana nayo kama mapacha. Mpika gongo hutenga pombe na maji kwa moto, maana pombe hutangulia kuchemka. Hapa moto hausaidii: parazailini huchemka kwenye nyuzi 138, na pacha wake kwenye nyuzi 139.

Ufunguo wa kuwatenga ulitoka kwa mtaalamu wa mimea. Mwaka 1903, mjini Warsaw, Mrusi Mikhail Tsvet alieleza jinsi rangi za majani zinavyotengana zikipitishwa katika unga. Alijaza unga wa chaki katika bomba la kioo, akamimina kimiminika chenye rangi zilizotolewa kwenye majani. Rangi moja iling'ang'ania chaki, nyingine ikateremka upesi, na bomba likaonyesha tabaka za kijani na manjano. Mwaka 1906 akaiita njia hiyo kromatografia.

Wakubwa wa kemia hawakumsadiki. Miongoni mwao alikuwa Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi hiyohiyo ya rangi za mimea. Tsvet alifariki Voronezh mwaka 1919, akiwa na miaka 47. Ni mwaka 1931 tu ambapo Richard Kuhn na Edgar Lederer, mjini Heidelberg, waliifufua njia yake kwa kutenga rangi za karoti.

Lakini bomba la Tsvet humiminwa mara moja, kisha unangoja. Kiwanda hakingoji. Fikiria Sungura na Kobe wakikimbia juu ya mkeka. Ukiuvuta mkeka kinyume chao kwa mwendo ulio kati ya mwendo wao, Sungura atasonga mbele na Kobe atarudi nyuma. Hata ukiwaongeza wengine kutwa nzima, kila mmoja atatokea upande wake. Kobe ndiye parazailini, anayeng'ang'ania. Mkeka ni chembe zilizo ndani ya bomba. Tatizo ni kwamba chembe zikiburutwa husagana zikawa vumbi.

Mwaka 1961, Donald Broughton na Clarence Gerhold wa kampuni ya Universal Oil Products, Marekani, walipata hataza ya jibu lao. Waliuacha mkeka utulie, wakahamisha milango. Chembe hukaa katika vyumba vilivyopangwa kwa mzunguko, na kila baada ya muda mfupi milango ya kuingizia na kutolea husogezwa chumba kimoja mbele. Ni kana kwamba chembe ndizo zimerudi nyuma. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya parazailini vimetumia njia hiyo. Hutumika pia kutenga sukari, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wa dawa waliichukua.

Kwa nini nayasema haya? Miaka kadhaa iliyopita, fundi mmoja wa studio alinieleza namna ya kuondoa mkwaruzo katika kipindi changu. Nilimkatiza, maana hakuwa na cheti. Wasikilizaji waliendelea kuvumilia mkwaruzo ule kwa miezi, hadi mhandisi mwenye shahada alipokuja akasema maneno yaleyale.

Tsvet hakusadikiwa. Dunia ilipoteza robo karne. Je, kazini kwako, ni nani uliyemkatiza juma hili?