Nyoka Chini ya Unyayo

Mwenye macho haambiwi tazama: ndivyo walivyotufunza wazee. Walakini mbele ya picha za kale za Ulaya methali hii hupungukiwa na nguvu, kwa kuwa jicho huona umbo na rangi, bali maana hukaa katika mila za watu ambao picha ilichorwa kwa ajili yao. Nataka kulieleza jambo hili kwa alama moja tu, nayo ni nyoka.

Nyumbani kwetu Izia, mjini Sumbawanga, palitundikwa ukutani picha ya karatasi ya Bikira Maria akiwa amesimama juu ya nyoka. Picha za namna hiyo hazikuwa ngeni Ufipa, nchi ambayo Ukatoliki ulienezwa na Mapadri Weupe, waliokipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Nami katika utoto wangu nilifadhaika. Bibi yangu alisali rozari mbele ya picha ile kila jioni. Na bibi huyo huyo alinionya nisimrushie chatu jiwe, kwani chatu ana heshima yake. Iweje basi unyayo mtakatifu umkanyage aliyeheshimiwa?

Swali hilo halikuwa la kitoto kama nilivyodhani. Katika mila za Wafipa chatu alihusishwa na mizimu ya nchi. Roy Willis, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1974 kitabu ambamo alimlinganisha chatu wa Wafipa na ng'ombe wa Wanuer wa Sudan Kusini na kakakuona wa Walele wa Kongo. Akaonyesha kwamba kwa njia ya mnyama watu huweza kusema jinsi wanavyojifahamu wenyewe.

Kutoka Ufipa na twende Rumi. Mwaka 1605 chama cha watunza farasi wa Papa, ambao msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Anna, kilimwagiza mchoraji Caravaggio picha ya altare yao katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Maria amemkanyaga nyoka. Mtoto Yesu, naye yu uchi, ameweka unyayo wake juu ya unyayo wa mama yake. Na Anna, ajuza mwenye makunyanzi, amesimama kando akitazama. Picha ilikaa kanisani siku chache tu mwaka 1606, ikaondolewa, nayo sababu ya kuondolewa wanahistoria wangali wakiibishania. Kardinali Scipione Borghese aliinunua, na hata leo imo katika makumbusho yenye jina la ukoo wake.

Kwa nini nyayo mbili juu ya nyoka mmoja? Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, nyoka aambiwa kwamba kichwa chake kitapondwa. Katika Biblia ya Kilatini iliyotumiwa na Kanisa la Rumi, mwenye kuponda alitajwa kwa neno la kike. Waprotestanti, wakiifuata Kiebrania, walisema mwenye kuponda ni mzao wa mwanamke. Caravaggio aliweka unyayo juu ya unyayo: mama na mwana waponda pamoja. Ugomvi huo haungezuka katika Kiswahili, kwani tukisema "ataponda" hatujasema kama ni mume au mke. Kilichofichika mle, basi, hakikuwa siri ya mchoraji. Kilikuwa mabishano ambayo wasomi wa Rumi waliyajua vema.

Wala tusidhani kwamba nyoka wa Ulaya alikuwa na maana moja. Katika dari ya Kanisa dogo la Sisto, aliyoichora Michelangelo kati ya mwaka 1508 na 1512, nyoka mwenye kiwiliwili cha mwanamke awapotosha Adamu na Hawa. Na katika pembe ya dari ile ile, nyoka wa shaba wa Musa awaponya wanaomtazama. Dari ni moja, mkono ni mmoja, na nyoka ni mauti huku na uzima kule.

Kwa hiyo mwanafunzi wa picha asiridhike na orodha ya alama na tafsiri zake. Na aulize: nyoka huyu ni wa hadithi ipi, yu karibu na nani, na ni nani waliokusudiwa kumtazama? Asiyeuliza hivyo hupata hasara mbili. Ataisoma vibaya picha ya wengine. Na, lililo baya zaidi, huenda akaitupa heshima ya kwao kwa sababu ya nyoka asiyewahi kukanyaga nchi yao.

Siku moja nilithubutu kumwuliza bibi. Hakuacha kuchambua maharage. "Yule wa pichani ana kesi yake, mjukuu wangu," alisema. "Chatu wetu hakumdanganya mtu."