Figo la Ndama Ndani ya Chupa

Barabara ya Naivasha inakatiza Kawangware, inapita mabucha na vibanda vya mitumba, kisha inapanda hadi Uthiru. Huko ndiko iliko ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Kabete iko jirani tu, na ukishika njia ya Nakuru, muda si mrefu unafika Muguga.

Uhandisi wa tishu, yaani fani ya kukuza tishu za mwili maabarani, unapotajwa, wengi huwaza Marekani, ambako Robert Langer na Joseph Vacanti waliandika mwaka 1993 makala iliyoitambulisha fani hiyo kwa ulimwengu. Lakini fani nzima inasimama juu ya ujuzi wa zamani zaidi: kutoa seli ndani ya mwili na kuzifanya ziendelee kuishi na kuzaana nje yake. Ujuzi huo ulileta mojawapo ya matunda yake makubwa kabisa hapa, mwendo mfupi kutoka Kawangware, zaidi ya miaka 30 kabla ya makala ile. Mtoto anayesoma sayansi Kawangware au kijiji cha Raila kule Kibera anastahili kufundishwa habari hii darasani.

Chanzo cha habari hii kilikuwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo ulishuka kutoka Pembe ya Afrika, ukafagia maboma ya Wamaasai na wafugaji wengine. Ng'ombe walipokwisha, njaa ikaua watu. Karibu mwaka 1910 madaktari wa mifugo wa Kabete walipata kirusi cha sotoka kutoka kwa ng'ombe mgonjwa, wakakitunza kwa kukihamisha kutoka mnyama mmoja hadi mwingine miaka nenda miaka rudi. Baadaye ikapatikana chanjo iliyodhoofishwa kwa kupitishwa kwenye mbuzi. Ilisaidia, ila kwa ng'ombe wa asili dhaifu, kama wale wa Ankole, chanjo yenyewe iliweza kuwaangusha.

Walter Plowright, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, alianza kazi katika taasisi ya utafiti ya Muguga mwaka 1956. Miaka michache nyuma, John Enders na wenzake huko Marekani walikuwa wameonyesha kwamba kirusi cha polio kinaweza kukuzwa ndani ya seli zilizowekwa kwenye chupa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Plowright na mwenzake R. D. Ferris wakaipeleka njia hiyo kwenye sotoka. Walichukua figo la ndama, wakalikatakata vipande vidogo, wakavilowesha katika tripsini, kimeng'enya kinacholegeza gundi inayoshikanisha seli. Seli zilizoachana zikamiminwa kwenye chupa za kioo pamoja na majimaji ya lishe na seramu, zikawekwa kwenye joto kama la mwili. Baada ya siku chache zilikuwa zimeng'ang'ania kioo na kutandaa kama utando mwembamba. Zikitiwa kirusi, hadubini huonyesha seli zikiungana kuwa majitu yenye viini vingi, nyingine zikichomoza ncha kama nyota.

Kirusi kile cha Kabete kikahamishwa chupa hadi chupa, mara 90 hivi. Kila hatua ilikizoesha zaidi maisha ya chupani na kukipunguzia makali dhidi ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chanjo ilikuwa tayari: ya bei nafuu, salama kwa ng'ombe wa kila aina, na kinga yake ilidumu maisha yote ya mnyama. Mlipuko wa mwisho uliothibitishwa duniani ulikuwa wa nyati wa Hifadhi ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Plowright alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Muguga haikuishia hapo. Mwaka 1970 W. A. Malmquist, Mramba Nyindo na C. G. D. Brown walieleza jinsi walivyokuza chupani seli za bandama la ng'ombe zenye vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Tabia ya seli hizo inashangaza hadi leo. Kimelea kikiingia ndani ya seli nyeupe ya damu, huifanya igawanyike bila kikomo, kama saratani, nacho hugawanyika pamoja nayo. Kimelea kikiuawa kwa dawa, seli huacha mbio zake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyomiliki taasisi ya Muguga, ilivunjika mwaka 1977. Kwa bahati njema, maabara ya ILRAD, mzazi wa ILRI, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1973, na kazi ya ndigana kali ikaendelea huko.

Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga bado inatumika, nayo inabeba jina la Muguga. Hata hivyo, kuitengeneza ni kazi nzito: kupe hulishwa juu ya ng'ombe walioambukizwa na juu ya sungura, kisha husagwa kwa maelfu, na dozi huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya majimaji. Ng'ombe akichanjwa hupewa vimelea hai na kiuavijasumu cha oksitetrasaiklini siku hiyohiyo. Watafiti wa ILRI wanaendelea kutafuta chanjo isiyohitaji kusaga kupe hata mmoja.