Ombi la Kuongezewa Muda

Katika magofu ya Mkamandume, Pujini, kuna kisima kinachosimuliwa kuliko ngome yenyewe. Wapemba husema bwana wa ngome ile alikuwa na wake wawili wasiopatana, akaona njia ya kupata amani ni kukitia kisima ukuta katikati. Mmoja akishuka kwa ngazi kuteka upande wake, mwengine akitumbukiza ndoo kwa kamba upande wa pili, na hawakuonana. Wageni wakihadithiwa hucheka, kisha hupiga picha. Mimi hadithi hii hunipeleka kwenye maji. Ukuta uliwatenga wanawake wawili, lakini chini yake chemchemi ilikuwa moja. Lililotumbukia upande huu, lilinywewa upande ule.

Mwenye ngome anatajwa kwa jina la Muhammad bin Abdulrahman, ingawa hakuna anayemwita hivyo. Jina lililobaki ni Mkama Ndume, mkamuaji wa wanaume, na inasemwa aliwakamua kweli: aliwabebesha mawe ya ujenzi huku wakijiburura kwa makalio. Wanaakiolojia wakiongozwa na Adria LaViolette walichimba hapo katika miaka ya 1990 na kuiweka ngome katika karne ya 15 au karibu yake. Walikuta chumba chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa ni pembe ya utawala. Kwa hiyo tunajua kitu kimoja kuhusu mtu huyu bila kutegemea masimulizi: alitaka watu wajue nani mkubwa.

Nimemtanguliza kwa sababu nataka kuzungumzia wakubwa na maji machafu, na yeye ndiye mkubwa wa kwanza kwetu anayekumbukwa pamoja na kisima chake. Mkama Ndume hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Wakubwa waliokuja baadaye walikuwa na sheria juu yao, baadhi wakiwa wameitunga wenyewe, na hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo zama zake hazikuwa na haja nayo: mamlaka kwenda mbele ya mamlaka nyengine na kuomba iachiwe kidogo, ipewe muda, kiwango kilegezwe, mpaka fedha zipatikane.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hii walingoja kufundishwa na Mzungu kwamba uchafu na maji ya kunywa havikai pamoja. Ukenda Gede, karibu na Malindi, mji ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwishoni mwa miaka ya 1940, utakuta nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo vilivyojengwa kwa ustadi, na misikiti yenye visima na birika za kutawadhia. Aliyejenga alijua choo kinakaa wapi na kisima kinakaa wapi. Tatizo lilikuja miji ilipojaa. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 kiliua maelfu ya watu, na daktari James Christie, aliyekuwepo mjini wakati huo, alitoa kitabu mwaka 1876 akifuatilia njia za maradhi hayo kwa misafara ya bara na kwa majahazi. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa mji maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Ni sifa yake, na anastahiki. Ila maji safi yalipata bomba la kuingilia mjini zamani kabla ya maji machafu kupata njia ya heshima ya kutokea. Majitaka ya Mji Mkongwe yaliishia baharini bila kusafishwa, na bahari haikuwa na wakili.

Kesi niliyoikusudia ni ya upande wa pili wa maji, Dar es Salaam, na inaanzia kwenye taka ngumu kabla ya kufika mtoni. Tabata ilikuwa na jaa la jiji. Moshi ulikuwa hauishi, nzi hawaishi, harufu haina saa. Wakaazi wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, kesi namba 299 ya mwaka 1988, Joseph Kessy na wenzake. Mwaka wenyewe una maana. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini zikasimamishwa kwa miaka mitatu ili serikali ijipange. Ni Machi 1988 tu ambapo mwananchi aliweza kuzipeleka mahakamani. Yaani hata haki yenyewe ilianza maisha yake kwa serikali kuomba muda.

Wakaazi walishinda. Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali ambapo hapatadhuru watu. Ikaomba muda. Ukapita, ikaomba tena. Malori yakaendelea kuja. Kila ombi lilikuwa na sababu, na tusiwe wepesi kuzicheka: jiji linazalisha taka kila siku, mwenye jaa hawezi kulifunga leo akawaambia watu wazikalie taka zao majumbani mpaka mwakani. Ofisa aliyeandika maombi yale huenda alikuwa mtu mwema, mwenye bajeti ndogo na simu isiyonyamaza.

Mwaka 1991 ombi jengine lilifika mbele ya Jaji Lugakingira. Aliyoyasema bado yananukuliwa na wanasheria wa mazingira Afrika nzima. Kwa maneno yangu: hakuwahi kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, akienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, wawe wachache au wengi. Aliona maajabu kama hayo yanapatikana Tanzania tu. Akashika ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi, akasema hakuna mahakama iliyopewa uwezo wa kukubali ombi la namna hiyo. Akakataa.

Napenda alivyolitaja jambo kwa jina lake. Karatasi ya halmashauri haikuandikwa “tunaomba ruhusa ya kuchafua”. Iliandikwa kwamba inaombwa nyongeza ya muda. Jaji alilivua ombi kanzu yake ya kiofisi, likabaki kama lilivyo.

Lakini taka hazikuyeyuka kwa hukumu. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, nako watu wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakashinda. Zikapelekwa Vingunguti. Vingunguti iko kwenye kingo za Mto Msimbazi, na hapohapo kuna mabwawa ya jiji ya kusafishia majitaka. Kwa miaka kadhaa mto mmoja ukawa jirani wa jaa na wa mabwawa, na jaa halikuhama hapo mpaka karibu na mwaka 2001.

Mabwawa haya ni kitu cha akili sana, na hayana mashine ya kujivunia. Majitaka huingia katika bwawa la kwanza lenye kina kirefu, yanatulia, mazito yanazama, na vijidudu visivyohitaji hewa vinaanza kula. Yanasogea bwawa la pili, ambako mwani wa kijani unatengeneza oksijeni kwa jua na vijidudu vyengine vinaendelea na kazi. Mabwawa ya mwisho huwa mafupi kina, ili jua liwaue wadudu wa maradhi. Siku kadhaa zikipita, kinachotoka kinaweza kuingia mtoni. Sharti ni hizo siku. Yakiletwa majitaka mengi kuliko uwezo wa mabwawa, kwa mabomba au kwa magari ya kunyonya makaro, yanapita mbio. Tope lisipotolewa, kina kinapungua, siku zinapungua. Bwawa linakuwa njia ya mkato kwenda mtoni, na kwa macho huwezi kujua.

Ndiyo maana kuna kiwango. Kwa Tanzania, maji yanayotoka yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita moja, ukiyaweka siku tano kwenye nyuzijoto 20 na kuangalia vijidudu vimetumia kiasi gani kuumaliza uchafu uliobaki. Kipimo hiki kina asili yake. Tume ya Kifalme ya Uingereza kuhusu majitaka, iliyoanza kazi mwaka 1898, ilitoa ripoti yake ya nane mwaka 1912 na kupendekeza miligramu 20. Siku tano huelezwa kuwa zilichaguliwa kwa sababu mito ya Uingereza haichukui muda mrefu zaidi ya huo kufika baharini. Muhimu zaidi ni kwamba msamaha uliandikwa mumo humo. Kiwango kilisimama juu ya dhana kwamba mto utayachanganya majitaka kwa angalau mara nane ya maji safi. Mto ukiwa mkubwa zaidi, masharti yalegezwe. Ukizidi mara 500, kuchuja yale makubwa kunatosha. Mto mkubwa ulitegemewa kusamehe.

Sasa ulete mfano huo Msimbazi wakati wa kiangazi. Mto wenyewe unakuwa mkondo mwembamba, na sehemu ya unaopita humo ndiyo iliyotoka kwenye mabwawa na viwandani. Unachanganya nini na nini? Anayeomba kiwango kilegezwe kwenye mto kama huo anaomba hisani kwa maskini. Na bondeni kuna watu wanaolima mchicha na matembele kwa maji hayo, na wanaouza, na sisi tunaokula.

Sheria za leo ni nyingi kuliko za 1991. Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, ambayo inamtaka anayetiririsha majitaka mtoni apate kibali cha bodi ya bonde. Kwa Msimbazi ni Bonde la Wami/Ruvu. Zanzibar, ambayo kwa mazingira ina mamlaka yake, ilitangulia na sheria ya 1996, ikaja ya 2015 iliyoianzisha ZEMA. Ukisoma sheria hizi unaona mamlaka ya maji ya serikali ikiomba kibali kwa bodi ya serikali. Ukuta wa Pujini huo. Pande mbili zina milango tofauti na haziangaliani, na maji ni yaleyale.

Kenya ilijaribu njia yake. Mjini Kiserian, karibu na Nairobi, wenye majumba walishitakiwa kwa kumwaga majitaka katika Mto Kiserian. Wakalalamika kwamba wamechaguliwa wao tu, wakati wengine wanafanya vivyo hivyo, tena mji hauna mfumo wa majitaka. Hukumu ya kesi ya Peter Waweru ilitolewa Machi 2006. Mahakama Kuu ilifuta mashitaka, na wenye majumba lazima walipumua. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walisema haki ya kuishi ina ndani yake haki ya mazingira safi, na wakaigeukia halmashauri ya Olkejuado na wizara ya maji: wao ndio wajenge mtambo wa kusafishia majitaka. Mwananchi akaachiwa, mkubwa akapewa kazi. Kwa mtazamo wangu hukumu hii ni pacha wa ile ya Tabata, ingawa moja ilisamehe na nyengine ikakataa kusamehe. Zote mbili ziliuliza nani mwenye uwezo wa kulitatua jambo, zikamkalia huyo.

Huku Pujini hatuna bomba la majitaka wala mto wa kulishia mji. Tuna mabonde ya mpunga, mkono wa bahari wenye mikoko, na kila nyumba na shimo lake la choo. Maofisa wa afya hushauri mita 30 kati ya choo na kisima. Nenda kapime. Kiwanja kimegawiwa ndugu watatu, kila mmoja amejenga, mashimo yamekuwa manne na kisima ni kilekile cha babu. Hapa hakuna wa kumwandikia ombi. Kila mwenye nyumba ni halmashauri yake mwenyewe, anaomba na anajikubalia: shimo hili tulichimbe hapa kwa sasa, mwakani tukijaaliwa tutalisogeza. Sikumbuki kuona shimo lililosogezwa. Na watu hawa si wajinga. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi tangu mwaka 2000, mwendo mfupi kutoka hapa. Kipindupindu kimerudi Zanzibar mara nyingi tangu 1978, na kila mama anajua kuchemsha maji. Anachokosa ni kiwanja kirefu zaidi, au kuni.

Mvua ya masika ikinyesha siku tatu mfululizo, maji ya visimani hupanda mpaka unaweza kuyachota kwa kata ukiwa umeinama. Watoto hufurahi, kwa vile kamba haihitajiki. Wazee wa zamani walikuwa wakizuia maji ya siku hizo yasinywewe mpaka yatulie, na kisima kikafunikwa kwa makuti.