Mafuta ya kula: nazi ya Pwani, karai la Eastlands

Mpwani aliyewahi kupanda basi la usiku kutoka Mombasa na chupa ya mafuta ya nazi mkobani anajua kinachotokea. Chupa huondoka Mwembe Tayari mafuta yakichezacheza kama maji, na ikifika Nairobi asubuhi yameshaganda meupe kama mshumaa. Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Nairobi, hasa mwezi wa Julai, huwa ziko chini sana ya hapo.

Naanza na chupa hiyo kwa sababu ndugu zetu wengi wako huko. Majengo ya Pumwani imekuwa na Waswahili tangu miaka ya 1920, na leo utawakuta Eastleigh, Shauri Moyo, Buruburu, Umoja, Donholm hadi Kayole. Wamehamia na mapishi yao, na huko wamekuta mapishi mengine. Swali ninaloulizwa kila nikienda kuwatembelea ni hili: mafuta tule kiasi gani, na yapi?

Tuanze na kiasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya: mafuta yote mtu anayokula kwa siku yasizidi asilimia 30 ya nguvu anayopata kutoka kwenye chakula. Mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10, na yale yaliyogeuzwa kiwandani yasizidi asilimia 1. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni karibu gramu 67 za mafuta yote, gramu 22 za mafuta ya kuganda, na gramu mbili tu za yale ya kiwandani.

Gramu hazipimwi jikoni, kwa hivyo tuseme kwa kijiko. Kijiko kikubwa cha chakula kilichojaa mafuta ni kama gramu 14. Gramu 67 basi hazifiki vijiko vitano. Na hesabu hiyo ni ya mafuta yote: ya kwenye karai, ya kwenye maziwa ya chai, ya kwenye nyama, ya kwenye karanga, ya kwenye tui. Ukitoa hayo yaliyojificha, kinachobaki kwa mafuta ya kupikia ni kama vijiko viwili kwa mtu kwa siku.

Kwa familia ya watu watano, vijiko viwili kwa kila mtu vinakuja kuwa lita moja na tone zaidi kwa wiki. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, kwa sababu hakihitaji mizani wala elimu ya lishe. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Kama lita haimalizi siku nne, kuna mazungumzo ya kufanywa nyumbani. Shida ya Eastlands ni kwamba wengi hawanunui kwa lita. Mafuta, au "salad" kama wanavyoyaita huko, hupimwa dukani kwa kikombe au kwa mashine ile ya kutia sarafu, ya leo kwa leo. Anayenunua hivyo anajua ametumia shilingi ngapi, lakini mafuta yenyewe hajui amekula mangapi. Dawa yake ni kumimina kila unachonunua kwenye chupa moja uliyoitia alama, kisha ndipo umimine sufuriani.

Nina shangazi yangu aliyeishi Jericho miaka mingi. Miaka michache iliyopita aliamka asubuhi mkono wa kushoto haumtii na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Daktari alipomuuliza kuhusu chakula alijibu bila kusita: "Mimi si mtu wa mafuta." Na alisema kweli kadiri alivyojua, kwani nyama alikuwa akiichambua mafuta yote na kuyatupia paka. Lakini asubuhi ilikuwa mahamri mawili na chai ya maziwa, mchana chapati na maharagwe ya nazi, jioni wajukuu wakirudi na vibanzi naye akidokoa. Kwa makadirio yangu siku ya namna hiyo ina gramu 70 mpaka 80 za mafuta, na hakuna hata kipande cha nyama ndani yake. Sisemi mafuta peke yake ndiyo yaliyomwangusha. Presha yake ilikuwa juu na hakuwa ameipima kwa miaka, na chumvi nayo ilikuwa nyingi. Ila fikra kwamba mafuta ni yale ya nyama tu inawapotosha wengi.

Sasa aina. Mafuta ya kuganda ni yale yanayokuwa magumu kwenye baridi: samli, siagi, mafuta ya ng'ombe na mbuzi, na ya nazi. Haya hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo. Yasiyoganda kwa urahisi, kama ya alizeti, mahindi, ufuta, karanga, parachichi, zeituni na ya samaki, huishusha yanapochukua nafasi ya yale ya kwanza. Zingatia hayo maneno "yanapochukua nafasi". Ukiongeza kijiko cha alizeti juu ya samli ile ile hujasaidia kitu. Na ukipunguza samli ukajaza nafasi yake kwa soda na mkate mweupe, faida yake kwa moyo ni ndogo au haipo.

Kuna mafuta moja yanayotatiza watu, nayo ni ya mawese. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia Kenya ni mawese yaliyosafishwa, yanayoletwa kutoka Malaysia na Indonesia. Yanauzwa yakiwa maji maji na kopo limechorwa mboga, mtu akadhani ni sawa na alizeti. Kumbe karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, hali ya alizeti ni kama asilimia 11 tu. Baridi ya Julai huyaumbua: mtungi wa salad ukikaa usiku kucha karibu na dirisha Kayole, asubuhi utaona ukungu na chembe nyeupe chini. Mombasa huwezi kuliona hilo. Sisemi mawese ni sumu. Ni nafuu, na mwenye kipato kidogo hatapika kwa zeituni. Lakini anayeyatumia afahamu kwamba yanaingia kwenye hesabu ya zile gramu 22.

Yale yaliyogeuzwa kiwandani ndiyo mabaya kuliko yote, na hayana faida yoyote mwilini. Ni mafuta ya mimea yaliyotiwa hidrojeni ili yawe magumu na yakae muda mrefu bila kuharibika. Denmark ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuyawekea kikomo kwa sheria, mwaka 2003, na WHO ilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe duniani kote. Ukiona maneno "partially hydrogenated" kwenye kopo la mafuta magumu, biskuti au keki, rudisha rafuni.

Tuje kwenye nazi, maana najua hapa ndipo nitakapogombana na wasomaji. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya kuganda, kuzidi hata samli. Nazi yenye nyama ya gramu 300 ina mafuta karibu gramu 100, na kama 90 kati ya hizo ni ya kuganda. Ukiikuna na kuikamua si yote yanayotoka, mengine hubaki kwenye chicha. Lakini chukua hata theluthi mbili tu, ugawe kwa watu watano: kila mmoja amekula kama gramu 12 kwenye sahani moja ya wali, zaidi ya nusu ya haki yake ya siku. Wali wa nazi, maharagwe ya nazi na samaki wa kupaka kwenye meza moja, hesabu imeshavuka.

Mtu ataniambia: mababu zetu walikula nazi na hawakufa kwa moyo. Ni hoja ya kweli kuliko wanavyokubali madaktari wengi. Mwaka 1981 watafiti kutoka New Zealand walichapisha habari za watu wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika bahari ya Pasifiki. Watu wa Tokelau walipata karibu asilimia 63 ya nguvu zao kutoka kwenye nazi, na maradhi ya mishipa hayakuwa mengi kwao, ingawa kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka waliokula nazi kidogo. Lakini walikula pamoja na samaki, sukari ilikuwa kidogo, na walifanya kazi za mwili. Wenzao waliohamia New Zealand walipunguza nazi, wakaongeza sukari, mkate na nyama, wakanenepa, na presha na kisukari vikawazidi waliobaki visiwani.

Habari hiyo nikiisoma naiona Umoja. Ila sisi tumefanya vibaya zaidi, kwani hatukuacha nazi. Tumeibeba, tukaiongezea vibanzi, smokie, bajia za njiani na chapati iliyopakwa mafuta mara tatu, na samaki tumewaacha nyuma, na tunakaa saa mbili kwenye matatu Jogoo Road badala ya kutembea. Rai yangu: nazi ibaki, lakini chakula kimoja cha nazi kwa siku, na siku hiyo karai lipumzike. Tui la kwanza la nazi moja si lazima liishie sufuria moja. Nusu nazi na tui la pili hutoa wali ambao bibi yangu angeula bila kulalamika, labda angeguna kidogo.

Samaki wanapatikana. Gikomba imejaa omena wakavu, na ni rahisi kuliko nyama. Kosa ni kuwakaanga wakaelea mafutani. Wachemshe, uwaoshe, uwaunge kwa nyanya na kitunguu kwa kijiko kimoja. Na wanapotufikia vibua na jodari kutoka nyumbani, wale mara mbili kwa wiki ni vizuri, maana mafuta yao ndiyo ambayo moyo unayahitaji. Nusu parachichi au konzi ya karanga zina mafuta kama gramu 15 kila moja, mengi yakiwa mazuri. Zinahesabiwa, lakini hizi ningezilinda kabla ya kulinda mandazi.

Karai la barabarani ni kisa kingine. Mafuta yanayochemka tangu asubuhi hadi usiku, kesho yakaongezewa juu yake, hubadilika. Utayajua kwa weusi, kunata, povu lisilotulia, moshi unaotoka kabla ya viazi kuingia, na harufu inayokukaa kooni. Ukiona mawili kati ya hayo, pita. Imewahi kuripotiwa zaidi ya mara moja Nairobi kwamba mafuta ya transfoma yaliyoibwa yameishia kwenye majiko ya vibanzi kwa sababu yanachelewa kuungua. Hayo si chakula kwa kiwango chochote. Nyumbani, mafuta ya kukaangia yachuje yakipoa, yafunike, yatumie mara mbili au tatu, kisha yaage.

Hesabu hizi zote ni za watu wazima na watoto waliopita miaka miwili. Mtoto mchanga na anayeanza kula asipunguziwe mafuta, kwa sababu ubongo wake unajengwa nayo. Uji wake ukitiwa kijiko cha karanga iliyosagwa laini au tui ni sawa kabisa. Na wewe uliyevuka miaka 40, au mwenye mzazi aliyepata kiharusi, pima presha hata kama huhisi kitu. Shangazi hakuhisi kitu.